Ushahidi wa Unywele

Sifa ya Hasina pale kijijini Kanga ilikuwa moja: hachoki. Mwaka wa nne huu anamuuguza mavyaa wake, Bi Mwanaheri, mama wa mumewe, aliyepooza upande mmoja. Anamgeuza, anamwogesha, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Khairiya, binti wa bibi huyo, aliyeolewa kijiji cha Bweni, akipiga simu kutaka kuja kumpokea zamu, Hasina humjibu, "Tulia na wanao, wifi. Mie sina neno." Sifa tamu hiyo, lakini ilikuwa ikimla. Usingizi ulimhama, moyo ukawa unamdunda hata akiwa amekaa.

Ndipo Husna, muuguzi, alipokuja na watafiti kuomba kishungi cha nywele za kisogoni kwa kila anayeuguza mgonjwa. Lo! Nywele mtu humpa nani? Hata za kwenye kitana Hasina huzifukia, asije akaziokota mwenye husuda. Alikubali kwa sharti moja: zitakazobaki zirudi, azifukie mwenyewe.

Majibu yalipotoka akaitwa hospitali, Kilindoni.

"Shikamoo, Bi Hasina."

"Marahaba, mwanangu."

Husna akamwonyesha mstari kwenye karatasi. "Juu ya figo pana tezi mbili ndogo. Zinatoa homoni, kortiso, ya kutukimbiza penye hatari. Mashaka yasipokwisha, nayo haikomi, na homoni nyingine, ya kuipoza, hupungua. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita huhifadhi kortiso ya mwezi wake. Kortiso yako iko juu miezi yote, ila hapa imeshuka. Kulikuwa na nini?"

Hasina akahesabu kwa vidole. Ramadhani. Khairiya alikuja bila kuitwa, wakasaidiana mwezi mzima. Idi ilipokwisha, Hasina akamrudisha kwake kwa maneno matamu.

Subhanallah! Alijua Siku ya Kiyama viungo vitatoa ushahidi. Hakujua kama vinaanza mapema hivi, tena Kilindoni. Miaka yote ulimi unasema lake, kumbe unywele uko nyuma ya kichwa unahifadhi kweli. Aliogopa, akastaajabu, akamhimidi Mola aliyemuumba namna hii.

Akatoka nje na simu yake.

"Wifi," akasema, "nimechoka."

Upande wa pili Khairiya akaangua kilio. "Na mie siku zote nikidhani hutaki nimuuguze mama yangu."