Mwanya wa Vidole Vitatu

Sabuni ya majivu haina harufu nzuri, asikudanganye mtu. Inanuka mawese yaliyochacha, moshi, na kitu kingine kikali kinachopanda puani kama pilipili. Ndiyo iliyofua utoto wangu wote. Kila Jumatatu, mlimani kwetu juu ya ziwa Kivu, wanawake wa jumuiya yetu walichemsha nguo kwenye mapipa, magauni ya kijivu yote, urefu mmoja, mshono mmoja, na vitambaa vyeupe vya kichwa, kisha wakavianika kwenye kamba moja ndefu mpaka usijue la nani ni lipi. Hapa Rissne, kitongoji cha Stockholm huku Uswidi, nafua kwa mashine, kwenye chumba cha chini ya jengo, kwa sabuni inayonukia maua ambayo sijawahi kuyaona. Lakini nikifungua mlango wa ile mashine na mvuke ukanipiga usoni, narudi kule, nina miaka tisa, na hasira yangu iko palepale nilipoiacha.

Sikusoma sana, darasa la tatu, basi. Naandika kama ninavyosema. Kilichonishikisha kalamu ni filamu. Kwenye maktaba yetu kuna kahawa ya lugha, ambapo sisi wageni tunakaa na Waswidi wastaafu tukijifunza kusema. Siku moja mama anayetuongoza akatuonyesha filamu ya Waamishi, watu wa Amerika wanaokataa umeme na magari. Nikaona farasi wakivuta mikokoteni, wanaume wenye ndevu bila masharubu, wanawake waliofunga magauni kwa pini badala ya vifungo, umati wa watu ukisimamisha ghala kwa siku moja. Wenzangu wakaguna kwa raha. Mimi jasho lilinitoka. Wazungu waliotuletea dini yetu kule mlimani sijui walikuwa na undugu gani na watu wale, hakuna aliyetuambia, ila sheria zao zilikuwa za tumbo moja. Mama yule akaniuliza, “Wanaishi kwa amani, sivyo?” Nikamjibu kwa Kiswidi changu cha kuvunjikavunjika, “Muulize yule anayekula peke yake.” Akadhani sijaielewa filamu. Akaniongezea kahawa.

Mema yalikuwepo, nami sitayaficha. Nyumba yetu ilipoungua, jua la siku ya pili lilizama tukiwa na paa jipya juu ya vichwa, na hakuna aliyetuomba hata asante. Mgonjwa alilimiwa shamba. Yatima hakujua kuwa ni yatima. Hatukuwa na ngoma, wala redio, wala kioo ukutani, maana kioo kilisemwa ni mlango wa majivuno. Tuliimba polepole sana. Wimbo mmoja wa Jumapili ungeweza kuivisha sufuria ya maharage. Nilipenda yale maisha, na ndiyo maana nina hasira. Mtu hakasirikii nyumba asiyowahi kuipenda.

Dada yangu Nabintu alikuwa na miaka kumi na sita. Kiangazi kile alikwenda sokoni kuuza vitunguu, akarudi na vifungo sita vyekundu, akavishona kifuani mwa gauni lake la kijivu. Havikufunga kitu. Vilikuwa na kazi moja tu, kupendeza. Baba yetu alikuwa fundi seremala na mmoja wa wazee wa kanisa, naye hakungoja mtu mwingine aseme. “Mchelea mwana kulia, hulia yeye,” alisema, akamwamuru apige magoti Jumapili mbele ya watu wote aombe msamaha. Nabintu akasimama pale, mikono kiunoni. “Kwa dhambi nitapiga magoti,” akasema. “Kwa vifungo, hapana.” Jumapili hiyohiyo wakamtenga.

Kutengwa kwetu hakukuwa kufukuzwa. Kufukuzwa kungekuwa na huruma. Nabintu alibaki nyumbani, akateka maji, akapika, akafua nasi, ila hakuna aliyeruhusiwa kula naye meza moja wala kupokea kitu mkononi mwake. Wewe ungeweza kumpa. Yeye hakuweza kukupa. Akitaka kukupitishia chumvi, aliiweka chini, akaondoa mkono, ndipo ukaichukua. Baba akamtengenezea meza ndogo, akaisogeza karibu na ile kubwa, akaacha mwanya wa vidole vitatu. Mama akatandika kitambaa kimoja juu ya meza zote mbili ili wageni wasione. Mimi nilikaa pembeni, na kila mlo nilipitisha kidole chini ya kitambaa kuupapasa ule mwanya. Ulikuwepo. Kila siku ulikuwepo.

Kisha nikashikwa na homa. Mama yuko shambani, Baba yuko kazini, nimelala kwenye mkeka natetemeka. Nabintu akaja na uji kwenye bakuli la bati, moshi unafuka.

“Pokea, mdogo wangu.”

“Weka chini.”

“Baba hayupo. Mama hayupo. Nani anakuona?”

“Mungu.”

Akacheka kidogo. “Mungu ana kazi nyingi. Hana nafasi ya kuchungulia uji.”

Sikunyoosha mkono. Naye hakuweka chini. Alilishika bakuli lile la moto mpaka machozi yakamlengalenga, nikawa namtazama tu, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Mwishoni akaliweka sakafuni, akatoka akipuliza vidole. Nikanywa uji wote. Jioni nikamsimulia Baba jinsi nilivyoshinda, naye akanipapasa kichwa. Ile ndiyo sifa tamu kuliko zote alizowahi kunipa, na ndiyo inayonichefua mpaka leo.

Kabla ya mvua za kwanza Nabintu aliondoka. Gauni aliliacha limekunjwa juu ya meza yake ndogo. Vifungo alikwenda navyo. Kama yu hai au alikufa, sijui. Nyumbani hakuna aliyemtaja tena, na ile meza ikawa ya kuwekea sahani.

Namkasirikia Baba, nawakasirikia wazee wale, lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Vita ilipotukimbiza nilivuka mipaka bila sufuria, ila sheria ya meza niliibeba. Nikampa mwanangu Daudi, naye leo ni mzee wa kanisa linalokutana kitongoji kingine, Tumba. Binti yake Neema alipokwenda kuishi Vällingby na kijana wa Kiswidi bila ndoa, na akazaa, Daudi alitamka kwamba mtu wa ukoo huu asile naye wala asipokee kitu mkononi mwake. Nani alimfundisha? Mimi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami nilitii miezi saba, mimi niliyembeba Neema mgongoni.

Wiki ileile ya filamu kengele ya mlango ikalia. Neema, na mtoto wake. Akavua viatu, akasimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme tu.

“Koko,” ndivyo wajukuu wanavyoniita, “sikai. Nilitaka umwone tu.”

Kisha akamlaza mtoto kwenye kochi, akarudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono mgongoni. Sikuwa nimemwambia neno. Alikuwa ananirahisishia.

“Mwinue,” nikasema.

“Koko, Baba alisema...”

“Baba yako nilimzaa mimi. Mwinue, unipe kwa mkono wako.”

Akaniuliza kwa Kiswidi kama nina hakika. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mtoto ni mzito, mashallah, kama wasemavyo majirani zangu Wasomali. Vidole vya Neema vilibanwa kati ya vyangu na mgongo wa mtoto, na sikuwa na haraka ya kuviachia.

Jumamosi Daudi akapiga simu. “Mama, nasikia umepokea.”

“Nimepokea. Na kesho anakula hapa. Sahani yako ipo.”

Akakata simu. Jumapili tatu zimepita, Neema anakuja, Daudi bado, na sahani yake naiweka kila mara. Kule mlimani watu wengi namna ile waliweza kusimamisha nyumba kwa siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyeweza kupokea bakuli la uji. Hapa sina mlima wala jumuiya. Nina meza moja ya mtumba, mguu wake mmoja unacheza. Sitandiki kitambaa juu yake.