Nilifunga distributor kwa kamba ya mgomba, tukakwama kilimani nikiwa na Mama

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo mtanivumilia. Leo nakuja kujianika mwenyewe, na sitaruka hata pale ninapoonekana mjinga.

Kwetu ni Igurwa, Karagwe. Marehemu baba alituachia shamba la migomba na kahawa, na pickup moja ya petroli, ya zamani kweli, ile ya kabureta na platini. Tangu afariki ilikaa bandani, kuku wakataga ndani.

Kaka yangu mkubwa, Evarist, alitaka iuzwe kama chuma chakavu. Simlaumu, yeye ni mtu wa pikipiki. Mimi nilijifunza kuendesha kwenye gari hiyo, nimekalia gunia la kahawa ili nione mbele. Kuikatakata niliona ni kumzika mzee mara ya pili.

Ikabidi Mama aamue.

"Mwana wange, kaka yangu wa Songambele ana ibada ya shukrani Jumamosi. Ukinifikisha gari haijasukumwa, inabaki. Ikisukumwa, Evarist aite watu wake."

Basi nikashinda bandani wiki nzima. Kabureta nikasafisha, plagi nikaweka mpya, platini, vile vidude vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto, nikazipiga msasa. Ikawaka!

Tatizo likawa distributor, inacheza. Kwa wasiojua, hiyo ndiyo inayogawa moto kwenye plagi. Inashikwa na kibanio chenye bolti moja. Ikizunguka kidogo tu, timing imeharibika, moto unakuja mapema au unachelewa. Sasa nati ya ile bolti ilikuwa imeliwa meno.

Nati nyingine ningeipata mjini Kayanga. Ila uvivu, wakuu.

Sisi kwetu kila kitu tunafunga kwa kamba ya mgomba. Kuni, uzio, mlango wa banda, hata mbuzi. Nikachukua gome, nikaliloweka, nikalizungushia distributor na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Ikashika. Nikajipongeza, eti fundi.

Nikasahau kitu ambacho kila mkulima anakijua. Kamba ya mgomba iliyofungwa mbichi ikikauka inasinyaa, inalegea. Na juu ya injini hakuna umande.

Jumamosi asubuhi Mama katinga kitenge kipya, kikapu cha kahawa ya kutafuna mapajani. Nyuma tumepakia mikungu mitatu ya ndizi na kuku wa zawadi. Mwendo safi. Mama anaimba nyimbo za kanisani, mimi naitikia besi. Nilikuwa na raha sana.

Tumeshaingia Kyerwa, kimebaki kilima cha mwisho kabla ya Songambele, gari ikaanza kuishiwa nguvu. Nakanyaga, haiendi. Ekzosi pa! pa! Injini imechemka. Ikazima.

Nikafungua boneti. Kamba imekauka kau, distributor imejizungusha, moto unachelewa.

Na watu wetu mnawajua. Ukikwama kilimani dakika mbili haziishi, wanaume wanatoka migombani kuja kusukuma bila kuitwa. Wakaja wanne.

"Shikamoo mama, poleni na safari. Tusukume?"

Mmoja mkono ulishafika kwenye bodi. Nikajua gari imeuzwa.

Mama akashuka haraka, umri wake wote akauacha kwenye kiti.

"Msiguse! Jamani msiiguse hiyo gari! Njooni hapa mtafune kahawa."

Wakakaa pembeni wanatafuna, wanashangaa. Hapo ndipo nilipojua Mama alikuwa upande gani tangu mwanzo. Nikarudi kwenye injini.

Nikafungua bolti na nati ya mlango wa nyuma wa pickup, ikaenea kwenye kibanio. Mlango nikaufunga kwa kamba ya mgomba, hiyo ndiyo kazi yake.

Nikaweka mawe kwenye tairi, gia fri, nikazungusha injini kwa hendeli mpaka alama ya puli ikalingana na ile ya kwenye injini, na rota ndani ya distributor ikaangalia plagi namba moja. Nikawasha swichi. Nikachukua balbu ndogo, waya mmoja kwenye platini, mwingine kwenye bodi, nikazungusha distributor polepole mpaka balbu ikawaka. Hapo ndipo platini zinaachana. Nikabana nusu, nikapiga stata.

Ikawaka. Mama akatikisa kichwa.

"Bado. Baba yako akiwasha, kuku hawakuhangaika."

Kweli, kuku nyuma alikuwa anapigapiga mabawa. Nikasogeza kidogo.

"Bado."

Nikasogeza tena, upana wa ukucha. Injini ikatulia. Kuku naye akatulia. Mama alikuwa amefumba macho.

"Hapo. Kaza hapo hapo."

Nikakaza. Tukapanda kile kilima kwa gia ya pili, huku nyuma wanaume wanne wanaipigia makofi gari ambayo hawakuisukuma.

Kwa mjomba watu wakatoka nje kuangalia. Mjomba akamkumbatia dada yake, akauliza, "Nani kakuleta na gari hii?"

Mimi nimesimama pale pale, grisi mpaka kwenye kola, nasubiri kutajwa.

Mama akajibu, "Baba Evarist."

Sikusahihisha, wakuu. Hata mimi niliona ni kweli.

Nilichojifunza: bolti ikae na nati yake, kamba ya mgomba ibaki na mikungu. Na anayeijua sauti ya gari si fundi peke yake. Aliyekaa kiti cha pembeni miaka yote msimdharau.

Wenye gari za wazee wao bandani, semeni zinaliaje. Na mafundi nipigeni mawe kuhusu ile kamba, ninastahili.

Evarist, najua unapita humu kimya kimya. Mama kasema Jumapili twende wote kanisani. Wewe utakaa nyuma na kuku.