Kinyonga wa Ua wa Bibi

Nikiwa mtoto kule Momela nilimuuza kinyonga kwa sukari. Mzungu mmoja alikuwa akizunguka mashambani kukusanya wadudu, ndege na mijusi, na ukimpelekea anachokitaka anakufungia sukari kwenye karatasi. Nilimbandua kinyonga wa pembe mbili kwenye ua wa Bibi uliopandwa masale. Aling'ang'ania, ncha ya mkia ikakatika. Mzungu akamtumbukiza kwenye chupa ya spiriti huku natazama.

Bibi ndiye aliyenilea. Alipoiona sukari aliuliza imetoka wapi, nikamwambia.

"Kamrudishe," alisema. "Kinyonga wa uani hauzwi. Akiondoka, na maziwa yanaondoka."

"Kwani Bibi, huwa tunamkamua kinyonga?"

Majirani waliokuwepo wakacheka. Bibi hakucheka, wala hakunichapa. Alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mwezi haukuisha, ng'ombe wake wa pekee akakauka maziwa, kisha akafa. Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakinisomesha. Nikaishia darasa la nne.

Miaka ya ruksa ilipofika, biashara ikafunguliwa, sukari ikajaa madukani, na kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kikauzwa. Sisi wazee tukapunguzwa kwanza. Nikapata kibarua cha kufagia makumbusho hapa mjini. Nilifuta mikuki, vigoda, mafuvu, vipepeo waliochomwa pini, hata mbega aliyejazwa pamba. Wageni wanashangaa, lakini kwa mwenye magoti kama yangu vyote ni vumbi. Siku moja, rafu ya chini kabisa, nikakuta chupa imeandikwa Momela. Pembe mbili. Mkia hauna ncha.

Msimamizi wetu, kijana wa juzi tu, akapita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyu wenu spiriti imemkaukia."

"Huyo kaharibika, na spiriti ya kuongeza hatuna. Mtupe."

"Nimtupe wapi?"

"Bibi nawe. Jalalani."

Nikamfunga kwenye pindo la kanga. Jumapili sikwenda kanisani, nilikwenda Momela. Nyumba ya Bibi haipo tena, ila ua upo.

Ng'ombe wa majirani walikufa msimu ule ule aliokufa wa Bibi, na wao hawakuuza kinyonga. Ulikuwa ugonjwa, hilo nililijua hata utotoni, na nililishika miaka yote kama hati ya shamba. Lakini Bibi aliniagiza jambo moja, nami nikamfanya kichekesho mbele ya watu. Akafa bila kuligusia tena.

Nikamweka kinyonga juu ya tawi. Akaanguka. Nikamweka tena, akaanguka. Nikachuma jani la sale nikamfunga nalo kwenye shina. Kwetu, aliyekukosea hukuletea jani hilo likiwa na fundo, na ukilipokea umemsamehe. Mimi nilikuwa natafuta kamba tu. Fundo lilipokaza ndipo nikaona nilichokifunga.

Sikulifungua. Nikaondoka kuwahi gari, maana kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kufagia.