Mume Wangu Alipoacha Kunuka Thina

Admin, nifichie jina, maana mashemeji zangu wote wapo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili, naishi Kasulu. Wazazi wangu walikuja nchi hii wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, mimi nimezaliwa hapa hapa na nimeolewa na Mha wa Gwarama. Mume wangu, nitamwita Baba Neema, ni fundi wa kuchapa fulana: za kwaya, za mpira, za misiba. Ana kibanda chake jirani na soko.

Miaka yote ya ndoa yetu huyu mwanaume amenuka thina. Wino aliokuwa anatumia ni ule wa mafuta, hautoki mpaka usugue kwa thina au petroli, kwa hiyo mikono, mashati, mpaka mto wa kitandani ulinuka. Nilizoea. Basi, mwaka jana baada ya kuvuna maharage, akaanza kurudi nyumbani hanuki. Kucha safi. Shati limelowa kifuani kama mtu aliyetoka kuoga. Jamani, mwanamke gani angekaa kimya? Nikamuuliza, "Leo hukuchapa?" Akasema, "Nimechapa sana, Mama Neema. Nimebadilisha wino tu. Sasa natumia wino wa maji, hata skrini ya kuchapia naosha kwa maji." Nikaguna moyoni. Wino wa maji! Nguo ikifuliwa si itabaki nyeupe? Nikaona nimefanywa mtoto.

Nikaanza upelelezi. Nilichukua fulana moja aliyoileta, nikaifua mara tatu kwa sabuni ya unga, nikaisugua mpaka vidole vikauma. Maandishi hayakutoka. Badala ya kutulia ndiyo nikazidi kuwaka, nikasema hii kaichapa siku nyingi kwa wino wake ule ule, ananizuga. Na kumbe nilikuwa najua kabisa kwamba fulana zake za zamani ukizipapasa maandishi ni magumu kama plastiki, na hii ilikuwa laini, mkono haujui kitambaa kinaishia wapi na wino unaanzia wapi. Niliona, nikapuuza. Nikaingia kwenye simu yake. Nikakuta namba imeandikwa "Wino Kibondo", wanaongea karibu kila siku. Kulikuwa na ujumbe wa sauti ya kike, Kiswahili kile cha pwani cha kubembeleza: "Baba, usiuache ukae kwenye skrini, utakukaukia. Ukimaliza piga pasi ya moto vizuri ndipo ushike, usiwe na haraka." Mkinicheka sawa, lakini mimi nilisikia mambo mengine kabisa.

Siku ya tatu baada ya kusikia ujumbe ule nikamdanganya mume wangu nakwenda kumwangalia mama yangu mgonjwa, nikapanda gari la Kibondo. Kumpata haikuwa kazi, niliuliza tu wanapouza wino wa fulana. Ni duka dogo, mbele wanauza, nyuma wanachapa. Walikuwepo walimu wawili wamekuja kuchukua fulana za wanafunzi wao. Sikusalimia. Nikamwona mwanamke ameinama mezani, nikapaza sauti, "Wewe ndiye unayemwogesha mume wangu kabla hajarudi kwangu?" Nikashika kopo la wino mweusi, nikalimwaga lote juu ya fulana zilizopangwa mezani.

Hapo ndipo nikamtazama usoni. Ni bibi, jamani. Mama wa Kiislamu, umri wa mama yangu au zaidi, ushungi umerudi nyuma, vidole vina wino wa kila rangi. Akaniuliza polepole, "Wewe ndiye mke wa fundi wa Kasulu?" Nikaweka kopo chini. "Mwanangu, mumeo hajakwambia kifua kinambana? Alikuja hapa anakohoa, kichwa kinamgonga kila akishika thina. Daktari kamwambia aachane nayo. Mimi nimemwelekeza wino mwingine, basi." Mwalimu mmoja alinitazama, macho yake nayaona mpaka leo. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kutazama mlango. Yule mama akaanza kuokota fulana moja moja, akasema, "Mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe. Ila mpaka umwambie, wino wangu asiufuate."

Sijamwambia. Hii ni wiki ya nne. Kila akipiga simu anajibiwa mzigo haujafika. Ule uliokuwepo umemwishia, na ana fulana za kwaya ya kanisani kwetu za kumaliza, kwa hiyo amerudi kwenye wino wa mafuta na thina yake. Anakohoa amegeukia ukutani ili nisisikie. Nasikia. Na nikisema ukweli wote, bado nina kidonda: kwa nini ugonjwa wake alimweleza mwanamke wa Kibondo kabla yangu mimi mkewe? Lakini nikimuuliza hilo, ataniuliza nimejuaje.

Juzi tunakula akasema, "Jumamosi twende wote Kibondo ukamjue yule mama wa wino. Labda ukimwomba wewe atakubali." Alikuwa anachambua miiba ya mgebuka, hakuinua macho. Nikamuuliza, "Kwa nini mimi?" Akajibu, "Kwa nini isiwe wewe?" akaendelea kula.

Tangu hapo sina amani. Namchunguza anavyonisalimia, anavyoniaga, anavyocheka na watoto. Kuna saa nasema hajui kitu, kuna saa nasema anajua yote na anasubiri nione aibu mwenyewe. Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu wa ukurasa huu, nimwambie kabla hatujapanda gari, au niache yule mama aseme mbele yangu? Nishaurini, ila msinitukane sana, kazi hiyo nimeshaifanya mwenyewe. Sasa hivi mume wangu ameingia ndani kuniuliza Jumamosi nitavaa gauni lipi, anataka alinyooshe.