Mshenga Aliyelipwa Kucheza Mpira

Washenga wawili walikwisha kuja nyumbani kwetu Lindi kuniposa kwa niaba ya kijana mmoja, na baba aliwarudisha wote. Wa kwanza alipewa kahawa. Wa pili hata kahawa hakuionja. Jibu lilikuwa lile lile: "Simwozi binti yangu mcheza mpira. Mpira ni wa watoto, wakikua wanaacha."

Nami nilimtaka kijana yule mpaka chakula kikawa hakipiti. Alikuwa mtu wa Mitole, amekuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, na jioni alikimbia pembeni mwa uwanja miguu peku kama anayefukuzwa na nyuki. Sisi wasichana tulipita pale tukijifanya tunakwenda kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa upande mwingine kabisa.

Basi akatuma mshenga wa tatu, na mtaa mzima ukacheka, maana alimtuma bwana wake wa kazi, fundi mkuu wa mitambo, Mzungu. Ukimwita Mwingereza alinuna; kwao Uskoti, na ujanani, kabla ya vita vya Mjerumani, alilipwa kwa kucheza mpira, hana kazi nyingine. Kijana wangu alifikiri, nani atamjibu baba vizuri kuliko huyu?

Mzungu alikuja baada ya sala ya alasiri, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo. Baba alishtuka kidogo, akaitikia marahaba. Kukaa mkekani hakuweza kwa sababu ya goti lake bovu, ikabidi tumwazimie kiti kwa Mhindi wa duka la jirani. Mimi, mama na shangazi tulibanana nyuma ya pazia.

Kazi ya mshenga kila mtu anaijua, ni kupamba. Kijana mvivu humwita mtulivu, mgomvi humwita mwanamume. Huyu hakuna aliyemwambia hayo. Alidhani ameitwa kutoa ushahidi.

"Kazini yukoje?" baba akauliza.

"Mikono mizuri, mzee. Lakini anachelewa sana."

Shangazi akaniziba mdomo kabla sijapiga kelele.

"Na huo mpira?"

"Mguu wa kulia, mzuri sana. Wa kushoto, gogo tu."

Yamekwisha, nikasema moyoni, Mzungu huyu ameniua. Ningeweza kumtupia kinu.

Lakini baba alikuwa mtu wa udadisi, akaanza kumhoji habari zake mwenyewe. Mgeni akaeleza kwa Kiswahili chake cha karakana. Alichimba makaa ya mawe chini ya ardhi kama baba yake, watu wa timu wakamtoa huko akacheze, wakamlipa kila wiki, na watu wakajaa kumtazama akigaagaa kwenye mvua na matope. Kisha goti likavunjika. Wakampa mkono wa kwaheri, akarudi shimoni, mpaka alipojifunza ufundi wa mitambo.

"Unaona, bwana!" baba akafurahi. "Mpira si kazi."

"Si kazi," akakubali. "Lakini wakiniita kesho, nakwenda."

Baba akacheka kicheko cha kweli, mpaka kofia ikamtoka. Akauliza mke yuko wapi.

"Sina. Palikuwa na msichana huko kwetu. Baba yake alisema kama wewe."

"Na msichana mwenyewe alisemaje?"

"Sijui, mzee. Hakuna mtu aliyemuuliza."

Aliyasema bila kulalamika, na mimi niliyekuwa nataka kumtupia kinu nikamwonea huruma. Kwetu binti haulizwi mbele ya mgeni, na akiulizwa huinama tu, kunyamaza kwake ndiko kukubali. Baba akaokota kofia yake, akageukia pazia.

"Mwanangu," akasema, "wewe unasemaje?"

Shangazi akanifinya ninyamaze kama adabu inavyotaka. Mimi nilikwisha kunyamaza washenga wawili wazima.

"Namtaka, baba!" nikasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Baba akasema alhamdulillahi, na shangazi akapiga kigelegele hata kabla hajaacha kunifinya.