Mgeni wa Wiki Moja

Simu iliita mara ya kwanza saa nane na dakika kumi usiku. Mama Sare aliiona vizuri kabisa, maana ilikuwa inawaka. Taabu ni kwamba ilikuwa juu ya kabati la nguo, mkononi mwa tumbili.

"Mgeni," alisema kwa sauti ya kubembeleza, "nipe simu, baba. Mpe mama simu yake."

Tumbili akaitazama simu, akamtazama yeye, kisha akaigeuza kuona kama kuna mtu kajificha nyuma yake. Simu ikaita mpaka ikachoka.

Upande wa pili wa mji, katika wodi ya wazazi, binti yake wa pekee alikuwa akijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama Sare alikuwa akisubiri habari tangu jioni, ameketi kitandani na viatu miguuni kama mtu anayengoja basi. Mkwe wake alikuwa katika safari ya kikazi, kwa hiyo aliyempeleka binti hospitali ni mume wa Mama Sare, dereva wa lori. Yeye mama alibaki. Alimwambia binti kwamba ana sare arobaini za shule ambazo lazima ziishe kabla ya Jumatatu. Binti akajibu, "Sawa, mama," akakata simu.

Sare zilikuwa zimeisha tangu Alhamisi. Zilikuwa mezani, zimekunjwa, zimepigwa pasi. Mama Sare alibaki kwa sababu Mgeni hawezi kuachwa peke yake. Walipomwacha mara ya mwisho, siku ya mazishi ya jirani, alifungua makopo yote ya jikoni, akachana mito mitatu, na haja zake akazimalizia ndani ya droo ya cherehani.

Simu ikaita tena. Mama Sare akapanda kiti, akanyoosha mkono. Tumbili akaonyesha meno yote, na yalikuwa mengi. Mama Sare akashuka.

Mpaka alfajiri simu iliita mara tisa. Safari ya kumi haikuita, kwa sababu chaji ilikuwa imekwisha. Mgeni alipoona haiwaki tena aliitupa chini kama ganda la ndizi, akajikunja, akalala.

Dereva alirudi kumekucha, macho mekundu, akasimama mlangoni mwa chumba bila kuingia, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi.

"Msichana," alisema. "Kilo tatu na ushee. Wote wazima."

Mama Sare akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Alikuwa anakuita," dereva akaongeza. "Alinyang'anya simu yangu akawa anapiga mwenyewe. Nikamwambia labda mama amepitiwa na usingizi. Akanitazama tu."

"Hukumwambia kitu kingine?"

"Nimwambie nini, mke wangu? Kwamba simu imeshikwa na mwenye nyumba?"

Mtaa mzima ulimjua Mama Sare kwa mambo mawili: kushona sare za shule na kuogopa. Maji ya kunywa aliyachemsha, yakipoa akayachemsha tena. Binti yake alikua bila kupanda baiskeli, bila kuingia bwawani, bila kukaa dirishani ndani ya basi. Jirani mmoja aliwahi kuleta mtoto wa mbwa wa kilo mbili, na Mama Sare akaenda kupiga hodi kwake kuuliza cheti cha chanjo. Mama wa namna hiyo ndiye aliyelala chumba kimoja na mnyama wa porini kwa miaka minne, na ukimuuliza, atakwambia hana mazoea ya kufuga wanyama.

Ilianza wiki ileile binti alipoolewa. Nyumba ilikuwa na mwangwi. Dereva alirudi safari na kitu ndani ya shati lake, kitu cha ukubwa wa mkono, chenye uso mweusi na masikio kama ya mzee. Alikikuta barabarani kimemng'ang'ania mama yake aliyegongwa na gari.

"Nimekuletea mgeni," alisema. "Wa wiki moja tu, mpaka nipate wa kumpa."

Mama Sare alisema hataki. Alisema kuna viroboto, kuna magonjwa, kuna sheria. Alikuwa bado anaorodhesha pale yule mgeni alipomshika kidole cha shahada kwa mkono mzima. Hapo akaenda kuchemsha maziwa, mara mbili.

Alimnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alimfunga mgongoni kwa mbeleko akawa anashona naye, na mlio wa cherehani ukimtia usingizi. Mabaki ya vitambaa akamshonea kaptula na mashati, kila kaptula na tundu la mkia. Katika muda wa mwaka mmoja Mgeni alikuwa na sare ya kila shule ya mtaani, na hakuna shule hata moja iliyokuwa imemfundisha kitu. Wateja walikuja kumwona, wakacheka, wakaacha oda zao. Dereva hakutafuta wa kumpa, wala hakuna aliyemkumbusha.

Mwaka wa tatu yalikuja meno. Sio kwamba hakuwa nayo. Ila sasa mawili ya juu yalirefuka kama misumari, na pamoja nayo likaja wazo moja ambalo halikumtoka tena kichwani: kwamba Mama Sare ni wake.

Wa kwanza kuarifiwa alikuwa dereva. Usiku mmoja aliketi kitandani kuvua soksi, akang'atwa nyama ya mkono juu ya kiwiko. Akahamia sebuleni na mto mmoja. "Ya muda tu," Mama Sare alimwambia, naye dereva akasema ndiyo, kama ile wiki moja. Kisha wateja. Ikawa watoto wa shule wanapimwa nje ya geti, mama akiwa ndani, mkono na futi ya kupimia vimepenya kati ya vyuma. Mabega yalitoka makubwa, mikono ikatoka mifupi, na wazazi wakaanza kunung'unika.

Wa tatu alikuwa binti. Alikuja na mimba ya miezi saba, akainama kumkumbatia mama yake. Mgeni alishuka kutoka juu ya pazia bila hata kelele. Nyuzi nane kwenye mkono, na sindano za kichaa cha mbwa alizorudia kuchomwa kwa wiki kadhaa, tumbo likiwa mbele. Hata hayo binti angeyasahau. Asilolisahau ni neno ambalo mama yake alisema wakati damu inatiririka sakafuni. Mama Sare alisema, "Ulimshtua."

Basi siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, dereva aliletewa maneno ayafikishe, akayafikisha akiwa sebuleni, uso kauelekeza kwenye televisheni iliyozimwa.

"Amesema mtoto hataletwa hapa. Na amesema siku ukimtoa huyo bwana, uende ukamwone mjukuu wako. Kabla ya hapo mlango wake usiugonge."

"Amesema hivyo hivyo?"

"Nimepunguza."

Mama Sare hakulia. Alimwita mchomeleaji, akamwagiza kizimba kikubwa kikae uani, chenye kivuli na ngazi ya kuchezea. Aliona ametumia akili: mnyama yuko ndani, mjukuu yuko nje, kila mtu ana chake. Mgeni akaingizwa kwa hila ya ndizi, mlango ukafungwa.

Alipiga kelele siku nzima. Alipiga kelele usiku. Siku ya pili majirani walituma mtu kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tatu kelele zikakoma, na Mama Sare akamshukuru Mungu, akatoka na bakuli la uji. Mgeni alikuwa ameketi kona moja, anang'oa manyoya ya mkia wake mwenyewe, unywele baada ya unywele, taratibu, kama mwanamke anayechambua mchele. Nusu ya mkia ilikuwa ngozi tupu.

Akaitwa daktari wa mifugo. Alikuja na mkoba wake, akasimama mbali kidogo na kizimba.

"Mama, mimi ni wa ng'ombe na kuku," alisema kwanza, ili asije akalaumiwa.

"Hata hivyo wewe ni daktari. Mpe dawa ya hasira."

"Hana hasira huyu. Anafanya kazi ya tumbili dume. Analinda mke wake."

"Mke wake yupi?"

Daktari aliendelea kuandika kwenye daftari. Kutoka sebuleni alisikika dereva akikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua.

"Na yale meno," Mama Sare akauliza, "hayang'olewi?"

"Yanang'olewa. Halafu wiki ijayo utaniita useme hali chakula." Daktari akafunga daftari. "Mama, kule kwao angekuwa na wenzake ishirini. Wa kugombana nao, wa kuchambuana chawa, wa kukimbizana. Hapa anaye mmoja tu, tena huyo mmoja anashona. Na sheria unaijua, bila kibali hafugwi. Kuna kituo cha wanyamapori, mwendo wa kilomita arobaini. Wanawapokea. Ningekuwa wewe, nisingechelewa."

Alipoondoka, Mama Sare aliketi kwenye ndoo mbele ya kizimba. Aliutazama ule mkia. Aliwaza: kama huyu angekuwa mtoto wa jirani, kafungiwa uani hivi, ananyonyoka, kwa sababu kuna mtu mzima anaogopa nyumba yenye mwangwi, yeye Mama Sare angekuwa ameshapeleka habari ustawi wa jamii. Angepeleka siku ya kwanza. Angepeleka na majina ya mashahidi.

Asubuhi yake walijaribu kumwingiza Mgeni katika kreti la mbao. Alilivunja. Mwishowe Mama Sare alifungua kizimba, akageuza mgongo, akainama. Mgeni akapanda kama alivyopanda alipokuwa wa ukubwa wa mkono, na mbeleko ikafungwa. Alikuwa mzito sasa, na mkia wake ulionyonyoka ulining'inia mpaka chini ya makalio ya mama. Dereva aliazima helmeti ya mwendesha pikipiki, akaendesha lori kilomita zote arobaini akiwa ameivaa, kioo kimeshushwa usoni. Njiani askari wa trafiki aliwasimamisha, akachungulia ndani, akamwona dereva, akamwona mama, akaona kilicho mgongoni mwa mama, akawapungia mkono waendelee. Kuna mambo mtu hataki kuyaandikia ripoti.

Kituoni walipokewa na mlezi wa wanyama, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na fomu mkononi.

"Anakula nini?"

"Chai ya maziwa. Mkate. Uji, ila usiwe na mabonge."

Yule mlezi aliandika bila kuinua uso. "Amewahi kuona tumbili mwenzake?"

"Kwenye televisheni. Alirusha sahani."

"Basi atakaa peke yake kwanza, tumpime magonjwa. Halafu tutajaribu kumkutanisha na wengine kidogo kidogo. Msituni huenda asirudi kabisa, nisikudanganye. Wakichelewa hivi, wengi hawajui hata kuogopa chui." Akaweka kalamu. "Na wewe, mama, nakuomba usije kumtembelea. Akikuona tunaanza upya."

Mama Sare alimkabidhi karatasi aliyoiandika usiku: kwamba Mgeni hulala taa ikiwaka, kwamba hapendi radi, kwamba akikunwa nyuma ya sikio la kushoto hutulia. Mlezi aliipokea kwa heshima, akaiweka mfukoni, na Mama Sare akaona kuna karatasi nyingine kama hiyo humo, za mwandiko tofauti.

Vidole vya Mgeni vilibanduliwa kimoja kimoja kutoka kwenye kola ya gauni lake. Hakupiga kelele safari hii. Mlezi alimvua kaptula, akamrudishia mama. "Hizi hatuzihitaji," alisema, bila ubaya.

Ndani ya lori dereva alivua helmeti, nywele zimelowa jasho.

"Nyumbani?"

"Kwa binti yako."

Wakafika. Dereva alibaki ndani ya lori, akijifanya anakagua geji ya mafuta. Mama Sare alipanda ngazi tatu, akajikung'uta manyoya mabegani, akagonga.

"Nani?" Sauti ilitoka karibu kabisa, kama mtu aliyekuwa ameshasimama hapo.

"Mimi, mwanangu."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu. Nimempeleka kituo cha wanyamapori. Tunatoka huko sasa hivi."

Ndani mtoto alitoa sauti ndogo, kama mlango wa kabati usiotiwa mafuta, na Mama Sare akaweka kiganja kwenye ubao.

"Kwa hiyo angeendelea kuwa mzima na mkia wake, usingekuja," binti alisema. "Baba ameniambia habari za mkia."

Mama Sare alifungua mdomo aseme angekuja. Jibu lilikuwa tayari, limenyooka, limepigwa pasi.

"Sijui," alisema. "Ningesema nina kazi. Usiku ule nao sikuwa na kazi yoyote."

"Najua. Mzazi wa kitanda cha jirani kule wodini alikuwa ameshachukua kwako sare za mwanawe Ijumaa."

"Na ile siku ya mkono wako, hukumshtua. Hukufanya kitu."

Alisikia hatua zikirudi ndani, akadhani ndiyo basi. Akageuka kuangalia lori. Dereva alikuwa ameacha kujifanya, anamtazama wazi wazi. Kisha hatua zikarudi, polepole, za mtu aliyebeba kitu, na komeo likavutwa.

Mlango ulifunguka kiasi cha uso. Binti hakumtazama mama yake usoni kwanza. Alimtazama mgongoni, upande huu, kisha upande ule. Halafu akaufungua wote.