Perege wa Shemeji Bekti

Mkitaka kumwona mtu anayejua sheria, njooni kwetu Pekalongan asubuhi mumtazame shemeji yangu Bekti akivaa fulana yake ya kijani. Anaivaa mbele ya kioo, anaivuta huku, anaivuta kule, mpaka neno "Mazingira" limkae sawasawa mgongoni. Kisha anapita mlango wa uzio, maana kiwanda cha kutia vitambaa rangi kiko hapo hapo nyuma yetu, na kazi yake humo ni kuhakikisha kiwanda kinafuata sheria za maji machafu. Mungu anisamehe, nikiitaja hiyo kazi nacheka.

Mimi ni Turinah, mke wa mdogo wake. Tunaishi uwanja mmoja: Bekti chumba cha mbele, sisi cha nyuma, mama yao Mbah Rasinem katikati, na kisima chake mlangoni. Kisima hicho ndicho riziki yangu. Natengeneza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, nauza. Soya inachemshwa, inaoshwa, inaoshwa tena, inatiwa hamira, inafungwa kwenye majani ya mgomba mpaka ishikane iwe nyeupe. Lakini mwaka ule tempe zangu zilikuwa zinatoka nyeusi, zinateleza, zinanuka hata kuku hawazitaki. Nikabadili hamira, nikabadili sufuria. Wapi! Wateja wakawa wananihama, na mimi sina kazi nyingine.

"Ni mikono yako, shemeji," Bekti akaniambia, mdomo umejaa wali wangu. "Usafi ni sayansi."

"Mikono hii ndiyo iliyokupakulia huo wali. Utapike basi."

Nikasema labda ni kisima. Ebo! Akanigeukia kama nimemtukania marehemu baba yake aliyekichimba. "Kisima kina nini? Maji ya kiwanda chetu yanatoka safi kuliko yalivyoingia. Njoo uwaone samaki wetu walivyonona."

Sasa hao samaki. Viwanda vya huku vinavyopenda kujionyesha vina bwawa dogo pale mtaro wa maji machafu unapoishia, na humo wanaogelea samaki. Mkaguzi akiwaona wako hai, moyo unamtulia. Zamani wakaguzi walikuwa wanatoa taarifa kabla ya kuja. Taarifa ikifika, Bekti anageuza maji ya mtaro yapite pembeni, anajaza bwawa kwa maji ya kisima cha mama yake, ndoo kwa ndoo, kisha anakimbilia sokoni kununua perege wekundu na kuwamwaga humo. Mkaguzi anakuja, anakunywa kahawa, anawapiga picha perege, anaondoka. Jioni perege wako kwenye kikaango.

"Sheria ni kuisoma, shemeji," alikuwa akiniambia huku anachambua miiba.

Baba yake aliuza ng'ombe ili huyu asome. Ng'ombe mzima, akazaliwa mhamisha samaki! Na kila kanuni ikibadilika anapelekwa semina mjini Semarang, anarudi na sanduku la vitafunio analoliweka mezani tulione. Ukilifungua, tupu. Amekula njiani.

Siku moja alirudi semina uso umemshuka. "Wamebadilisha kanuni," akamwambia mama yake. "Sasa hawatoi taarifa. Wanakuja wakitaka, saa yoyote."

"Basi safisheni hayo maji," akasema Mbah.

Bekti akamcheka mama yake, hivi hivi, mbele yangu. "Mama, mtambo wa kusafisha ni bei ya nyumba za mtaa huu wote. Nikiutaja tu, Pak Haji ananifukuza." Pak Haji ndiye mwenye kiwanda.

Akakaa siku kadhaa na simu yake, anasoma kanuni mpya, anapiga mstari huu na ule. Halafu akaja na bomba. Akalizika chini ya uzio, kutoka kisimani mpaka bwawani, akafunga na pampu, ili maji yetu yapite humo mchana na usiku na perege wawe hai wakati wowote mkaguzi akitokea. Mtaro wenyewe akaugeuza moja kwa moja upite nyuma ya kibanda changu cha kuoshea soya.

"Nimeipata!" akasema, anajipangusa jasho.

"Chukua tu, mwanangu," Mbah akasema. "Maji si ya Mungu?"

Basi perege wakakaa. Zamani walihitaji kuishi asubuhi moja tu. Sasa ilibidi waishi kila siku, na hawakuweza. Wakaanza kuelea matumbo juu. Bekti akawatoa, akanunua wengine. Wakafa. Akalaumu joto, akamlaumu muuza samaki, mpaka akafika mahali pa kusema perege wa siku hizi hawana uvumilivu.

Nikasimama kwenye uzio nikiwatazama. Bwawa lile halikuwa na tone la maji ya kiwanda. Lilikuwa na maji yetu matupu, yale ninayooshea soya, yale anayopikia Mbah.

Nikamvizia anaporudi. "Shemeji, hao samaki wanakufa na maji ya kisima chetu."

"Nyamaza."

"Mtaro wenu umeingia kisimani!"

"Nyamaza nimesema, Turinah! Unataka mama asikie?"

Alikuwa anajua. Hapo ndipo nilipokumbuka mtungi wa maji ya dukani chumbani kwake, ule alioanza kuununua mwaka ule, nasi tukadhani ni maringo. Mtu mzima, anafunga mlango, anakunywa maji yake peke yake, na mama yake yuko nje anateka kisimani. Sijawahi kumdharau binadamu kiasi kile. Nikaenda kumwambia Mbah yote. Akanikatalia. Mwanawe hawezi.

Mkaguzi akaja asubuhi moja, bila taarifa, kama kanuni ilivyosema. Mama mmoja anaitwa Bu Wening, mfupi, na viatu vya mpira. Mimi na Mbah tukasogea kwenye mlango wa uzio. Perege wanne walikuwa wanaelea.

"Haya ndiyo maji yenu yanayotoka mwisho?" Bu Wening akauliza.

Bekti akawatazama samaki. Akisema ndiyo, kiwanda kimekwisha. Nikamwona anavyopiga hesabu, na fulana imemlowa mgongoni.

"Hapana, Bu. Haya si ya kiwanda. Ni ya kisima cha mama yangu, pale. Ndiyo machafu. Watu wa kule hawana usafi, Bu. Kuku, vyoo, na huyu shemeji yangu na soya zake."

Nilitaka kumrukia. Mbah akanishika mkono.

"Na maji ya kisima cha mama yako," Bu Wening akasema, "yanafanya nini kwenye bwawa la kiwanda?"

Mjuzi wa sheria akaivuta fulana yake huku, akaivuta kule. Bu Wening akafuata bomba mpaka kwetu, akafuata mtaro mpaka nyuma ya kibanda changu, akajaza chupa zake pote pale. Akamuuliza Mbah kama maji haya tunayanywa. "Tangu nilipoolewa," Mbah akajibu. Bu Wening akamwambia tusiyanywe tena. Hakutuambia tunywe yapi.

Mimi soya yangu ya mwisho niliyokuwa nimeloweka nikaimwaga. Bekti akarudi jioni, amevua fulana, ameikunja kwapani, akakaa mezani kama kila siku akingoja kupakuliwa. Mbah akateka maji kisimani, akampikia kahawa. Akaiweka mbele yake.

"Kunywa, mwanangu."

Bekti akakitazama kikombe. "Kahawa nimeacha, Mama."

"Umeacha lini?"

Mbah akasimama pale akimngoja, na mimi nikasimama mlangoni, na Bekti hakukigusa. Mwishowe Mbah akakivuta kikombe kwake, akakaa, akakinywa mwenyewe mpaka kwenye machicha.